Mayai Manane ya Mashahidi

Katika kila mji niliowahi kupanga chumba, watu wa nyumbani wameishia kunicheka kwa jambo moja. Nikinunua mayai, siyaweki jikoni kabla ya kutafuta tundu la mwanga. Kigoma nilitumia ufa wa mlango. Kalemie kulikuwa na dirisha lililokosa kioo, nikaliziba kwa katoni na kuitoboa katikati. Lubumbashi mwenye nyumba aliniuliza kama mimi ni mganga, na kama ni mganga, kwa nini nachelewa kulipa. Nimehama sana. Nikikaa mahali mwaka mmoja na nusu, miguu inaanza kuniwasha, na vitu vingi nimeviacha njiani, vingine bila kujua. Lakini kule kuinua yai kwenye mwanga na kulizungusha taratibu nimekubeba tangu Songo, Uvira, tangu nyumba ya mabati iliyotobolewa na risasi.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, upande wa biolojia na kemia, na matokeo yangu yalikuwa yamekwama mahali fulani nyuma ya vita ya pili ya nchi yetu. Tulikuwa tumeteremka kutoka Lubarika, mama yangu, mimi na wadogo zangu wawili. Baba alikuwa amefariki kabla ya vita, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa kawaida. Siku hizo Mama alilisema hilo kama mtu anayetaja sifa ya familia.

Mama alikuwa ameokoa magunia tisa ya mahindi. Tulivuna kwa haraka, tukapukuchua kabla hayajakauka, na lori la mfanyabiashara mmoja likatushusha Songo sisi na magunia yetu. Tulipata vyumba viwili katika parsele, yaani ua na nyumba zake, ya bi kizee wa Kiislamu ambaye wazee wake waliletwa ziwani na biashara, zamani, kabla hata mji haujaitwa mji. Wote tulimwita Nyanya. Chumba kimoja tulilala, cha pili tuliweka mahindi, na juu ya mahindi hayo, katika bati, kulikuwa na tundu la risasi, dogo kiasi cha kidole cha mtoto. Hakuna aliyelijali. Mvua zikaja, maji yakadondoka polepole mahali palepale kwa majuma mengi, na siku Mama alipotaka kufungua gunia la kwanza, mkono wake ulitoka umejaa vumbi la kijani.

Magunia matatu ya chini yalikuwa yameharibika waziwazi: punje za kijani, nyingine nyeusi, zimeshikana kama keki, na harufu ya pango. Yale sita mengine yalikuwa na mashaka. Ukichota hapa, punje nzuri. Ukichota pale, doa. Mama akayaosha ya kijani kwa maji matatu, akayaanika uani juu ya turubai.

Hapo ndipo alipopita jirani yetu wa chumba cha nyuma. Alikuwa mwalimu wa biolojia, shule yake huko bondeni ilikuwa imefungwa, na tulimwita Prof kama wanafunzi wa kwetu wanavyowaita walimu wa sekondari. Alikuwa mrefu, mwenye koti moja alilolivaa hata kwenye jua la saa saba. Alisimama mbele ya turubai, akaokota punje moja, akaivunja kwa ukucha.

“Mama, hii ni ya kula ao ni ya kuchoma?”

“Ya kula, Prof. Nimeiosha vizuri. Harufu imeisha.”

“Harufu imeisha, sumu iko.”

“Sumu gani tena? Ni ukungu tu. Jua litaukausha.”

Prof alichuchumaa, akaeleza kwa sauti ya darasani. Ukungu unaweza kufa kwa jua, alisema, lakini kabla ya kufa umeshaacha sumu yake ndani ya punje. Sumu hiyo haitoki kwa maji wala haimalizwi na moto wa jikoni. Inakula ini, polepole, na watoto inawaanza mapema.

Mama alimsikiliza akiwa ameshika kiuno. “Prof, minye niko na watoto tatu, na njia ya Lubarika imefungwa. Weye unaniambia nitupe magunia tisa?”

“Sikusema tisa. Sijui kama ni tatu ao ni tisa. Ndiyo shida yenyewe.”

“Na utajua namna gani? Labo iko wapi?”

“Tutauliza mayai,” alisema Prof.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu lori lituteremshe, kwa hiyo hata mimi niliyeaibika kwa niaba ya Prof nilifurahi kidogo.

Lakini hakuwa anatania. Ujana wake alifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti wa kilimo, kwanza akiosha vyombo, baadaye akishika sindano, na huko aliona mayai yakitumiwa hivyo. Unachukua yai lenye mbegu ya jogoo, unatoboa upande wake butu, pale ndani penye chumba cha hewa, unadondoshea tone moja la maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye nafaka, unaziba kwa nta, unampa kuku alalie. Kifaranga kinachoanza kuumbika ni laini kuliko kiumbe chochote. Sumu ikiwemo, chenyewe ndicho kinasema kwanza.

“Siku ngapi?” Mama aliuliza.

“Makumi mbili na moja. Kama kuku yoyote.”

Mama aliyatazama magunia, akatutazama sisi. Kulikuwa na mihogo kidogo, sombe ya majani yake, na ndagala siku ambazo wavuvi walithubutu kutoka. Sahani moja kwa siku, labda. “Ninakupa hizo siku,” alisema. “Mayai ikitotolewa, isipototolewa, siku ya makumi mbili na mbili minye ninasaga. Yote.”

Mayai yalikuwa ya Nyanya. Alikuwa na kuku wa kienyeji wawili waliokuwa wanataka kuatamia wakati uleule, na jogoo mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa kelele. Prof alinituma mimi kuomba, kwa sababu Nyanya alinipenda na kwa sababu yeye Prof aliogopa kuelezea habari ya alkoli. Sumu ya ukungu haikamuliki vizuri kwa maji, ilihitaji alkoli, na nesi mmoja wa dispensari alikuwa ametupatia kichupa.

“Alkoli?” Nyanya alisema. “Ndani ya mayai yangu? Ili kifaranga atoke anaimba barabarani?”

“Ni ya hospitali, Nyanya. Ile ya kupaka kabla ya sindano.”

“Hata ya hospitali ni pombe iliyovaa nyeupe.” Akasaga tambuu yake. “Lakini mama yako anakonda. Chukua. Makumi mbili na ine, na kuku wangu wawili. Wakinifia, utaatamia weye.”

Tulifanya kazi hiyo katika chumba cha mahindi, asubuhi mbili mfululizo. Prof alisaga mahindi, akayaloweka, akayachuja kwa pamba, akaacha alkoli ipungue juu ya sufuria la maji ya moto mpaka ikabaki kidogo tu, rangi ya chai hafifu. Mimi nilitoboa. Nilitumia sindano ya kushonea, nikizungusha bila kusukuma, na kila ganda lilipokubali, nilisikia mlio mdogo ambao nadhani nilikuwa nausikia peke yangu. Tone moja. Nta ya mshumaa. Kisha kalamu ya risasi: K kwa mahindi ya kijani, mayai manane. M kwa yale magunia sita ya mashaka, mayai manane.

“Na haya manane ya mwisho?” niliuliza.

“Haya tunatia alkoli peke yake, bila mahindi. Ni témoin. Kama haya yakifa, basi muuaji ni alkoli, ama ni sindano yako, si mahindi. Bila témoin hatujui kitu.”

Kazi ya kuwaeleza wenye kuku na wenye mahindi ilikuwa yangu. Nyanya hakujua Kifaransa, na Mama alijua kile cha kununulia tu. Niliwaonyesha kikapu, nikasoma herufi, na nilipofika kwenye neno la Prof nililigeuza vile kamusi ya shule ingeligeuza, kama nilivyokwisha kuliandika kwenye maganda. “Hizi zenye S,” nikasema, “ni mashahidi.”

Mama alifanya ishara ya msalaba. Nyanya alitikisa kichwa kwa heshima. “Maskini,” alisema. “Mashahidi manane.”

Nilipaswa kusimama hapo. Mama alikuwa amezaliwa na kukua parokiani, kila mwaka alisali sala ya mashahidi waliochomwa moto kwa ajili ya imani. Nyanya naye, shahidi kwake alikuwa mtu aliyekufa katika njia ya Mungu. Wanawake wawili wa dini mbili, na neno moja wakalielewa sawasawa. Mimi peke yangu, mwenye masomo, ndiye niliyekuwa nawaza mahakama.

Siku ya tatu Prof akaondoka. Mke wake alikuwa upande wa pili, Burundi, na alikuwa amesikia kwamba kuna njia ya kumleta. Aliniachia kaye, daftari lenye mistari, na maagizo. Nisiwasumbue kuku kabla ya siku ya saba. Siku hiyo nichukue mayai, moja moja, nikayaangalie kwenye mwanga.

Mwanga wenyewe tulikuwa nao bure. Lile tundu la risasi, mbingu ikiwa safi, liliangusha mwale wa jua mwembamba na mkali kama fimbo ndani ya chumba cheusi, kuanzia saa nne asubuhi hadi karibu saa tano na nusu. Prof alikuwa amekata katoni na kuitoboa. Ukiweka yai juu ya tobo, na tobo ndani ya mwale, yai lote linawaka kama taa, na kilichomo kinaonekana: mishipa imetandaa kama miguu ya buibui, na katikati nukta nyeusi inayotikisika. Kilichokufa hakina mishipa. Kina pete ya damu, imetulia.

Siku ya saba ilianza kwa risasi milimani. Kufikia saa tatu zilikuwa zimeteremka hadi kwenye barabara. Mama aliwafunga wadogo zangu mikono kwa kitenge kimoja wasipoteane, tukakimbia na mtaa mzima kuelekea parokiani. Nyanya alikataa.

“Minye nimekimbia ya kwanza, nimekimbia ya pili,” alisema akiwa amesimama mlangoni. “Hii inikute. Niko na kuku wanalalia.”

Tulikaa parokiani hadi asubuhi ya siku ya kumi. Sitasimulia siku hizo, zinafanana na za watu wengine wote. Nitasema tu kwamba mdogo wangu wa mwisho alilia njaa mpaka akaacha, na kule kuacha ndiko kulikomtisha Mama.

Tuliporudi, Nyanya alikuwa ameketi kwenye kibaraza chake, uso umejaa majivu, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

“Walikuja siku ileile, mchana,” alisema. “Wenye bunduki. Kuku mmoja walimwona, wakamchukua hata hawakuaga. Mwingine nilimkalia.”

“Ulimkalia, Nyanya?”

“Nilijipaka majivu, nikaingia naye chini ya kitanda, na kikapu, na kanga yangu juu. Anapiga kelele, minye ninapiga kelele zaidi. Wakasema, huyu muzee ameharibika kichwa, twende.”

Nilimkumbatia. Kisha nikauliza mayai yako wapi.

“Yako chini ya yule aliyebaki. Lakini kuku moja haiwezi kufunika makumi mbili na ine, mjukuu wangu, wangeharibika wote. Nimechagua. Nimemwachia kumi na sita. Wale wa kufa nimewatoa.”

“Wa kufa wapi?”

Alinipeleka jikoni. Katika ungo, juu ya majani makavu, mayai manane yalikuwa yamepangwa kwa mstari, yote upande mmoja, na kila moja lilikuwa na S ya mkono wangu. Yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

“Si ulisema ni mashahidi? Nikasema hawa wameshaandikiwa, joto la kuku wapewe wanaoishi.” Akaongeza, akitaka niridhike, “Sikuwaosha hata kidogo. Shahidi haoshwi.”

Sikuweza kumkasirikia. Mtu aliyelala chini ya kitanda na kuku wake kwa ajili ya mahindi ya mama yako, utamwambia nini? Nilichukua ungo, nikauingiza katika chumba cha mahindi, nikafunga mlango, nikalia.

Nilikuwa na sababu. Kutoka uani nilisikia kinu. Mama alikuwa amechota beseni ya mahindi katika moja ya magunia sita, na mchi ulikuwa unapanda na kushuka. Nilitoka mbio.

“Mama, tulisema makumi mbili na moja.”

“Hizo ni siku za kuku. Za watoto zimeisha.” Hakuacha kutwanga. “Prof amekwenda. Mashahidi wako wamekufa. Sasa nani atakataza?”

“Nipe hadi saa tano.”

“Ya nini?”

“Jua bado iko kwenye tundu.”

Alisimamisha mchi. Hakusema ndiyo, lakini hakuuinua tena. Nilimtolea kuku mayai yake kumi na sita, matatu matatu ndani ya kitambaa cha joto, nikayapitisha kwenye mwale. Ya K: saba yalikuwa na pete ya damu, yametulia, na la nane lilikuwa na kitu kinachosogea kwa shida. Ya M: moja lilikuwa maji matupu, halikuwahi kuwa na mbegu, moja lilikuwa limekufa, na sita yalikuwa hai, yanaruka.

Ingekuwa furaha, kama ningekuwa na mashahidi. Bila wao, ningemwambia Mama nini? Kwamba yale saba yaliuawa na mahindi? Angeuliza, kama mtu yeyote mwenye akili angeuliza, nimejuaje si alkoli, si sindano, si hofu ya risasi. Yale ya M yalikuwa hai, lakini yenyewe ndiyo yaliyoshtakiwa, na mshtakiwa hajitolei ushahidi. Na hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu nje ya parsele ile. Nilichukua yai moja la M lililo hai, nikalifuta herufi yake kwa mate na kidole, nikaandika S. Nilifikiri, nikipata matatu tu ya namna hii, hadithi itakamilika, na watoto watasalimika. Nilishika la pili. Doa la risasi ya kalamu lilikuwa limebaki kwenye kidole changu, na niliona aibu mbele ya kidole.

Nililiweka. Nikafuta S ile ya uongo, ikabaki doa la kijivu. Kisha nikautazama ungo wa Nyanya.

Yalikuwa yamekufa, ndiyo. Lakini yalikufa lini? Kwenye kaye yangu ya shule kulikuwa na michoro ya kifaranga ndani ya yai, siku kwa siku, niliyoinakili kwa mtihani na kuisahau. Kaye ilikuwa Lubarika, labda imewasha moto wa mtu. Lakini mkono uliochora ulikuwa wangu. Niliwaita Mama na Nyanya waje wawe pamoja nami.

“Nataka kupasua hizi,” nikasema.

Nyanya alirudi hatua moja. “Kupasua maiti?”

“Nataka kuwauliza kitu, Nyanya. Kosa ni langu. Shahidi niliyemsema si yule wa kufa. Ni yule wa mbele ya jaji, anayesema alichokiona.”

Nyanya alijipiga paja. “Sasa ungesema hivyo tangu mwanzo, si ningewaweka na kuku!” Kisha akaketi juu ya gunia. “Haya. Waulize.”

Nilipasua la kwanza ndani ya sahani nyeupe, chini ya mwale. Kifaranga kilikuwa na jicho kubwa jeusi, mabawa madogo kama vijiti, vidole vya mguu vimeanza kugawanyika, na ncha ya mdomo. Siku ya saba, pengine ya nane. Nikapasua la pili. Jicho, mabawa, vidole. La tatu. La nne. Yote manane yalikuwa na umri mmoja, kama watoto wa darasa moja, na umri wenyewe ulikuwa ule wa siku Nyanya alipoyatoa chini ya kuku.

“Mnaona?” nikasema. “Hizi zilikuwa hai mpaka siku ya risasi. Zilikunywa alkoli, zilitobolewa, na ziliishi. Ziliuawa na baridi.”

Kisha nikapasua mawili ya K. Hakukuwa na jicho wala mguu. Kulikuwa na uzi wa damu na kitu kidogo kuliko punje ya mtama, kilichokoma siku ya tatu labda, kuku akiwa bado amekilalia kwa joto lake lote.

Mama aliinama juu ya sahani zile mbili, hii na ile. Alikuwa mkulima, amechinja na kuzalisha mbuzi, hakuhitaji herufi. Alitazama kwa muda mrefu, mpaka mwale ukasogea na sahani zikawa kivulini.

“Hii ya kijani iliwakataza hata kuanza,” alisema.

“Ndiyo, Mama.”

“Na hizi sita za mashaka?”

“Sita kati ya saba zenye mbegu ziko hai. Lakini tungoje watoke.”

Nyanya alikusanya mashahidi wake, akawazika nyuma ya jiko, nadhani kwa maneno fulani. Mama alirudi uani, akamimina beseni lile ndani ya gunia, akalifunga. Kisha akaburuta magunia matatu ya kijani hadi katikati ya parsele na kuyawasha moto.

Mtaa ulikuja mbio. Kuchoma chakula, juma lile! Mwanamke mmoja wa ng’ambo ya njia alishika kichwa. “Mama wa Lubarika, umelogwa? Nipe minye!”

“Sikupi.”

“Unachoma kuliko kutoa? Roho gani hiyo?”

“Ningekuwa na roho mbaya ningekupa,” Mama alisema, na akasimama na mchi mkononi mpaka gunia la mwisho likawa majivu. Alilia, lakini alisema ni moshi.

Siku kumi na moja zilizobaki tulizila kwa mihogo ya Nyanya na ndagala za kuomba. Siku ya kumi na tisa Prof alirudi, amekonda, koti limepasuka bega, na nyuma yake mke wake amebeba sufuria kichwani. Kabla ya kunawa aliuliza kaye. Nilimsimulia yote, pamoja na ungo, pamoja na neno langu. Alicheka mpaka akaketi chini.

“Mashahidi!” alisema. “Miaka yote ninasema témoin, hakuna siku nimefikiria kwamba na yeye anaweza kufa na bado aseme.” Kisha akayachukua mayai, akayageuza, na kidole chake kikasimama kwenye doa la kijivu. “Na hili lilikuwa nini?”

Ningeweza kusema ni kinyesi cha kuku. Nilimwambia. Hakunikaripia. Aliandika kitu kwenye kaye, akanionyesha: yai moja, lisihesabiwe.

Siku ya ishirini na moja tulisikia mlio kabla hatujaona kitu. Kufikia adhuhuri vifaranga watano wa M walikuwa wametoka, wamelowa, wanaanguka na kuinuka. Wa sita alitoboa ganda, akachoka. Lile yai la nane la K halikusema kitu. Prof alihesabu kwa sauti: “Wane.”

“Watano,” alisema Nyanya. “Macho yako yameishia Burundi?”

“Wane, Nyanya. Huyu mmoja alitoka kwenye yai la doa. Hahesabiwi.”

“Asiyehesabiwa ni wangu,” alisema Nyanya, akamtia ndani ya kanga yake.

Prof alitueleza kwamba mayai hayasemi mahindi haya ni safi kama maji ya chemchemi. Yanasema tu kwamba hayako kama yale ya kijani. Kwa hiyo tulikaa uani alasiri ile yote, sisi watoto, Mama, Nyanya, mke wa Prof aliyekuwa bado hajafungua mzigo wake, tukichagua punje moja moja, nzima huku, yenye doa au iliyovunjika kule. Mwanamke wa ng’ambo ya njia alikuja, akasimama, akakaa, akaanza kuchagua pamoja nasi. Jua lilipoinama Mama alitwanga zile nzima, akamjazia kikombe cha unga.

Bugali ulipoiva Mama aliuweka katikati, mvuke unapanda, na hakuna aliyenyoosha mkono. Tulikuwa tumeusubiri siku ishirini na moja, na tuliuogopa. Wadogo zangu walimtazama Mama. Mama alimtazama Prof.

Prof alivua koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikata tonge, akalibonyeza, akalichovya kwenye sombe.

“Leo témoin ni minye,” alisema.

“Shahidi wa kwetu, wa kufa, ao wa kwao, wa jaji?” Nyanya aliuliza haraka.

Prof alicheka akiwa na tonge mdomoni, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi, na mke wake akampiga mgongoni, na Mama akapiga yowe la kweli. Kisha akameza. Akanyoosha mkono akate tonge la pili, na mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa anamvizia usoni, akamtangulia.